Niliyomwambia Mwalimu Kuhusu Uso Wake

Juzi rafiki yangu niliyesoma naye upigaji picha alinionyesha programu moja kwenye simu yake. Unaifungulia picha, nayo inasema kwa sauti kilichomo, kwa ajili ya watu wasioona. Akaijaribu kwa picha yangu ya zamani. Sauti ikasema: mwanamke mzee ameketi karibu na dirisha. Ikanyamaza. Rafiki yangu akafurahi kwamba imepatia, na kweli ilipatia. Ila picha hiyo mimi niliwahi kuieleza kwa mdomo wangu, kwa mwanamke huyohuyo, na maelezo yale yalituchukua sehemu kubwa ya mchana.

Ni Mwalimu, yule niliyempiga kwa ajili ya simulizi yangu ya picha ya mwaka wa mwisho wa masomo. Presha ya macho ilikuwa imempunguzia kuona polepole, kuanzia pembeni kuja katikati, bila maumivu, na kwa ugonjwa ule kilichokwenda hakirudi. Nilipoanza kumtembelea alikuwa amebakiwa na uwezo wa kujua mwanga uko upande gani, basi. Akikaa dirishani aligeuza uso kuufuata. Mpiga picha yeyote wa sura angefurahi kumpata mtu anayeutafuta mwanga mwenyewe bila kuelekezwa. Nami nilifurahi, kisha nikaiogopa furaha yenyewe.

Woga huo nilitoka nao darasani. Mhadhiri wetu alikuwa ametuonyesha picha aliyoipiga Paul Strand mwaka 1916, ya mwanamke asiyeona katika mtaa wa New York, kifuani ana kibao kilichoandikwa kwamba yeye ni kipofu. Wakati ule Strand alikuwa ameirekebisha kamera yake ili watu wa mtaani wasijue kwamba wao ndio wanaopigwa. Tulibishana mpaka kipindi kikaisha. Kuna waliosema bila ujanja ule tusingezipata sura za watu wa kawaida jinsi zilivyo, maana mtu akishajua anapigwa hujipanga. Wakamtaja Walker Evans, aliyeficha kamera ndani ya koti akawapiga abiria wa treni za chini ya ardhi za jiji hilohilo kati ya mwaka 1938 na 1941. Picha zile zilitoka kitabuni mwaka 1966. Angalau, nilisema, abiria wale walipewa zaidi ya miaka ishirini ya kubadilika sura. Na hata pale kwenye behewa mmoja wao angeweza kuinua macho akamkazia Evans. Mwanamke wa Strand hakuwa na nafasi hiyo hata kama kamera ingewekwa mbele ya pua yake. Hilo ndilo lililonikaa, na ndilo nililokwenda nalo kwa Mwalimu.

Nilimweleza yote, pamoja na ile kamera ya Strand. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kamera yangu ikoje. Nikamwekea mikononi. Akapapasa mdomo wa lenzi, kitufe, mkanda wa kuvaa shingoni. Nikamwambia kamera za siku hizi zinaweza kupiga bila sauti yoyote, na wapiga picha wengi tunapenda hivyo ili tusimsumbue mtu.

"Hapana," akasema. "Iweke sauti. Kila unaponichukua nisikie."

Sharti lake la pili lilikuwa kubwa zaidi. Picha yoyote ninayotaka kuibakiza nimweleze kwanza ilivyo, tena nimweleze mpaka yeye aseme basi. Atakayoikataa niifute.

"Utaifuta mbele yangu," akasema, "nami nitakuamini kwamba umeifuta."

Wiki zilizofuata nazipita haraka, maana kazi yenyewe mnaijua: kwenda, kukaa, kusubiri, kuondoka na picha ambazo nyingi hazina kitu. Nisichotaka kukipita ni saa yake ya mkononi. Kioo cha saa ile kilifunguka kwa bawaba ndogo. Alikiinua kwa kucha ya kidole gumba, kisha ncha ya kidole cha shahada ikashuka juu ya mshale mfupi na kutulia, ikiuhisi bila kuusukuma, ikavuka hadi mshale mrefu, ikarudi. Halafu kioo kikafungwa, tik. Wakati huo uso wake haukuwa unaangalia saa wala kidole. Ulikuwa umeelekea dirishani, umetulia kabisa, na mikono ilikuwa ikifanya kazi yake peke yake huko chini. Tulifundishwa kuweka fokasi kwenye jicho lililo karibu na lenzi, kwa sababu ndiko mtazamaji anakoanzia. Kwa Mwalimu niliihamishia kwenye ile kucha. Niliona ndiko yeye alikokuwa anatazamia.

Aliwahi pia kuniuliza ngozi yake inatoka vipi pichani. Alisema katika picha za darasa za zamani yeye na wanafunzi wake weusi sana walitoka meno na kola tu. Nikamwambia kosa halikuwa la ngozi. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani uleule wa kijivu, kwa hiyo nguo nyeupe nyingi zikiijaza fremu huivuta picha iwe na giza. Na filamu za rangi kwa miaka mingi zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zile ambazo mafundi wa Kodak waliziita kadi za Shirley. Mimi nilikuwa napima mwanga kwenye shavu lake, kisha dirisha nikaliacha liwe jeupe likitaka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe wale watoto walikuwepo."

Sasa ule mchana.

Nilikuja na picha chache nilizozichagua. Nikaanza na hiyo ya dirishani, nikasema umekaa, dirisha liko kushoto kwako, mwanga umeshika upande mmoja wa uso, mwingine una kivuli lakini sikio linaonekana. Akauliza kuhusu kitambaa cha kichwa, kama kimekaa sawa. Kimekaa sawa. Akauliza kuhusu macho. Nikasema yako wazi, yameinuka kidogo kuliko dirisha, na katika lile la kushoto kuna nukta nyeupe ya mwanga.

"Kwa ujumla ninaonekanaje?"

"Unaonekana una amani, Mwalimu."

"Hiyo amani umeiona wapi?"

Niliiinamia skrini kuitafuta. Nikamwambia midomo imekutana bila kubanwa, mabega yameshuka, mikono iko mapajani, mmoja juu ya mwingine.

"Basi sema midomo imekutana. Sema mabega yameshuka. Amani niachie mimi. Siku ile nilikuwa nimekasirika tangu asubuhi."

Katika masomo yote ya simulizi za picha, hakuna aliyewahi kunisimamisha namna ile. Niliirudia picha nzima upya, bila amani, na alipotosheka akairuhusu.

Ya mwisho ndiyo iliyonichosha. Ilikuwa ya kwenye korido ya nyumba yake. Anatoka chumbani, mkono wa kulia umenyooka kuutafuta ukuta, na nilipobonyeza mkono ulikuwa bado haujafika. Zilibaki kama inchi mbili hivi. Vidole vimetawanyika. Kinywa kimefunguka kidogo. Katika zile inchi mbili uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, na sekunde iliyofuata, mkono ulipogusa ukuta, ukarudi kuwa uso wake wa siku zote. Nilijua ndiyo picha yenye nguvu kuliko zote. Nilijua pia kwamba ningeweza kusema, "Unatembea kwenye korido, umenyoosha mkono," naye angekubali, na kila neno lingekuwa la kweli.

Nikaanza na mkono, na vidole, na umbali uliobaki hadi ukutani. Akaniacha niongee. Nilipokaa kimya akasema, "Na uso?"

"Nyusi zimepanda, Mwalimu. Kinywa kimefunguka. Macho ni makubwa, yanaangalia juu ya mahali mkono unapokwenda."

"Hayo ni maungo. Hapa sasa nataka neno."

"Ulinikataza maneno."

"Hapa nakuomba."

Nikasema hofu. Akauliza hofu ya namna gani, maana, alisema, hofu ni nyingi. Nikakaa naye pale, picha iko mkononi mwangu na mwenye picha yuko mbele yangu, uso wake umetulia huku ule mwingine kwenye skrini umetaharuki, na nikahisi kwamba nikikosea hapa nitakuwa nimempiga kwa siri kuliko Strand. Nikamwambia: kama ya mtu anayeshuka ngazi gizani akadhani zimekwisha, kumbe imebaki moja.

Alikaa kimya. Nikasikia akifungua kioo cha saa, akakifunga bila kugusa mishale.

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Kila siku, kila nikitoka chumbani. Sikujua kama inaonekana." Kisha akaongeza, "Hiyo iweke."

Niliuliza tena, na tena, mpaka akanijibu kwa sauti ile ya walimu.

Binti yake aliiona picha nilipopeleka nakala zilizochapwa. Aliziangalia zote akitabasamu hadi alipofika kwenye korido. Akanivuta pembeni.

"Mama hajui anavyoonekana hapa."

"Nilimweleza, dada."

"Ulimweleza nini?"

Nikamrudia maneno yote, na ile ngazi. Akasikiliza akiitazama picha, akasema nilichosema ni kweli lakini si sawa na kuona. Kwamba mama yake amekubali maneno yangu, na maneno yangu ni mazuri, na watakaokuja kwenye maonyesho hawatakutana na maneno, watakutana na uso. Kwamba watu wanaomheshimu mama yake watamhurumia kwa mara ya kwanza. Sikuwa na jibu. Nilifikiria picha maarufu aliyoipiga Dorothea Lange mwaka 1936, ya mama kibarua wa mashambani huko California na watoto wake. Lange hakumuuliza jina, na dunia haikulijua hadi mwaka 1978. Mmoja wa wale mabinti waliogeuza nyuso zao nyuma ya mabega ya mama yao alikuja kusema, akiwa mzee, kwamba picha ile iliwatia aibu nyumbani kwao. Tulipoisoma picha ile darasani tulizungumza kuhusu mama. Mabinti hatukuwagusa.

Mhadhiri naye alikuwa upande wa binti. Alisema heshima ya mtu inatangulia nguvu ya picha, kanuni ambayo naikubali na nitaendelea kuikubali. Nikamwuliza heshima ya Mwalimu iko wapi tukimwondolea picha aliyoichagua mwenyewe kwa sababu sisi wenye macho haturidhiki na alivyochagua. Akasema andika hoja hiyo kwenye ripoti yako. Niliiandika. Sidhani kama iliisha pale.

Binti na mama walizungumza wenyewe, sikuwepo. Nilichoambiwa ni kwamba picha itundikwe, na chini yake yawekwe maelezo yaleyale niliyompa Mwalimu, bila kupambwa. Siku ya maonyesho binti alisimama mbele yake muda mrefu, akasoma, akanijia akaniomba niongeze sentensi moja: kwamba hii ni nyumba yake mwenyewe, na korido hii ameipita tangu watoto wake wakiwa wadogo. Nikaenda nikaandika kwa kalamu palepale. Ilibadilisha kitu. Waliokuja baada ya hapo walisimama kwa muda zaidi, au mimi ndiye niliyetaka kuona hivyo.

Tangu hapo nimepiga sura za watu wengi, na karibu wote wanaona. Bado huwa nawaeleza picha kwa mdomo kabla ya kuwageuzia skrini, nikianza na maungo na kuacha maneno kama amani na huzuni yaje kutoka kwao. Kuna wanaochoka, wanasema nionyeshe tu. Nawaonyesha. Mtu anayeona hujitazama nywele kwanza, kisha tumbo, kisha anasema sawa, na sina hakika kama hiyo ni ridhaa kubwa kuliko ile ya Mwalimu.

Mwalimu hayupo tena. Ruhusa yake ilikuwa ya ukumbi ule na maonyesho yale, ndiyo maana mtandaoni mnaiona ya dirishani na ya saa, na ya korido hamjawahi kuiona kwangu. Wanaoniomba niitoe ni wengi, na baadhi wana sababu nzuri, wakiwemo watu wenyewe wenye presha ya macho wanaosema picha za wasioona daima zinawaonyesha ama wakiombaomba ama wakitabasamu. Nawaelewa. Binti yake bado haipendi. Tukionana tunasalimiana vizuri, na mara nyingine ananiuliza kama bado ninayo. Namwambia ninayo. Hajawahi kuniambia niifute, nami sijawahi kumwuliza kama anataka.