Usiguse rodi: nilivyoanza kazi ya kuongoza wageni wa uvuvi wa michezo Watamu

Mimi bahari nimeikuta nyumbani, sikuisomea popote. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye boti ya uvuvi wa michezo Watamu nilijiambia hii nishaijua, ni kuwapeleka wageni samaki walipo alafu turudi, basi. Mshipi najua, chambo najua, mkondo na bamvua najua tangu niko mdogo. Nimeona niandike kwa sababu kuna vijana wengi wanaingia kazi hii wakiwa na fikra ile ile, na mimi ilinichukua msimu mzima kuelewa kwamba nilikuwa nimeshika upande usio wenyewe.

Wiki ya pili tulikuwa na mgeni mmoja mzee, mtaratibu, alikuja na mshipi wake mwembamba wa paundi 20 maana alitaka sulisuli, yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama upanga, wa rekodi kwa mshipi wa daraja hilo. Tukakokota chambo toka alfajiri, saa zikapita kimya, alafu ghafla nikaona pezi jeusi nyuma ya chambo cha kushoto, upanga ukatoka majini ukapiga mara mbili, na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikaanza kulia. Samaki akaruka, akaruka tena, boti ikayumba na yule mzee akapepesuka kidogo. Mimi sikufikiria, mkono ulienda wenyewe, nikaishika rodi, yani fimbo ya kuvulia, juu ya mikono yake nimsaidie. Nahodha akapiga kelele kutoka juu kwenye usukani lakini nishagusa.

Kanuni za kimataifa za uvuvi huu ziko wazi, zile za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, ambazo karibu kila mahali zinafuatwa: anayepigana na samaki ni mmoja, ikiguswa rodi au rili au mshipi na mtu mwingine wakati samaki yuko, ile rekodi imekufa hapo hapo. Mwenye ruhusa ya kushika ni baharia, tena anashika lida tu, ule mshipi mnene wa mwisho, pale samaki akishafika karibu. Mzee alimleta sulisuli wake mpaka ubavuni, tukamwachia salama, ila hakufurahi. Alikaa akaniambia kwa upole kabisa, huyu si wangu tena. Yani angenigombeza ningeumia kidogo kuliko vile.

Jioni tunaosha boti kwa maji baridi kutoa chumvi, nahodha hakunisema mbele za watu, alisubiri wenzangu watoke. Akaniambia, "Mwanangu, wewe bado unavua. Hapa huvui wewe, anavua mgeni." Nikamwambia nimeelewa mzee wangu. Sikuwa nimeelewa bado lakini neno lile nililala nalo.

Kuanzia hapo akanitoa kwenye rodi kabisa, nikawa mtu wa chambo. Wengine wangeona wameshushwa cheo ila mimi nashukuru sana, pale ndo nilipojifunza kazi. Chuchunge ukimwona sokoni ni samaki mdogo tu mwenye mdomo mrefu, lakini kwa sulisuli kumtayarisha ni kazi ya mikono kweli kweli. Unamkamua tumbo kwa kidole gumba kutoka shingoni kwenda nyuma mpaka uchafu wote utoke, unamkunjakunja mgongo taratibu pingili zilegee bila ngozi kupasuka, alafu ndoana ya duara inakaa nje pale kichwani, mdomo unaufunga kwa waya laini wa shaba. Ukimtupa majini anatakiwa aogelee kama yuko hai. Akizunguka hata kidogo umeharibu, mshipi unasokotana na hakuna samaki wa maana atakayemgusa. Nahodha alikuwa anaining'iniza kazi yangu ubavuni mwa boti, anaangalia, anatikisa kichwa, ananirudishia. Siku ya kwanza alizikataa karibu zote, na siku alipopitisha chambo sita mfululizo bila neno nilifurahi kuliko siku ya mshahara.

Hiyo ndoana ya duara nayo ilinifundisha kunyamaza. Sisi tumezoea samaki akigusa unavuta kwa nguvu. Ya duara ukivuta haraka inatoka mdomoni tupu, unatakiwa umwache samaki achukue, ageuke aondoke, unahesabu pole pole, alafu unaongeza breki ya rili kidogo kidogo na ndoana yenyewe inajishika pembeni mwa mdomo. Inashika pembeni, haishuki tumboni, ndo maana samaki anaishi ukimwachia. Breki yenyewe tunaipima asubuhi kwa mizani ya kuning'iniza, kama theluthi moja ya nguvu ya mshipi, mshipi wa paundi 30 unaweka 10. Usipime kwa mkono hata kama una uzoefu, mkono wa asubuhi na mkono wa mchana si mmoja.

Kitu cha pili kilichonisumbua ni mdomo. Kama huruhusiwi kushika, umebaki na maneno, na maneno yenyewe yawe mafupi maana mtu aliye na samaki hasikii sentensi ndefu. Nikaanza kuandika kwenye daftari namna nahodha anavyosema. Inua rodi taratibu, ukishusha ndo uzungushe. Samaki akikimbia usizungushe, mwache. Akiruka inama mbele, legeza. Nikayajifunza kwa Kiingereza na Kiitaliano kwa sababu huku Watamu na Malindi Waitaliano ni wengi, ukimwambia mtu "piano, piano", yani pole pole, kwa sauti ya chini unaona mabega yanashuka. Sauti ya chini ni muhimu sana wandugu, ukipaza sauti wewe mgeni anaongeza nguvu na mshipi unakatika.

Na siku zisizo na samaki zipo, tena nyingi, hapa ndo vijana wengi wanaharibu kwa kuahidi. Mimi nilijiwekea simwahidi mtu samaki. Namwonyesha ninachokiangalia: ndege wanavyopiga mbizi, takataka zinazoelea ambazo chini yake hukaa fulusi, na ule mstari ambapo maji ya mto Sabaki, ya udongo, yanapokutana na maji ya buluu kaskazini ya Malindi, sulisuli wanapenda kuwinda pembeni mwa mstari ule. Mgeni akishajua kutazama anakuwa kazini pamoja na wewe, masaa matano bila samaki kugusa chambo hayamchoshi sana. Anayetapika simpeleki ndani, namkalisha nyuma kwenye hewa mbali na moshi wa injini, atazame upeo wa macho na anywe maji kidogo kidogo.

Msimu nao uupangie kabla hujaingia. Kusi likikaza, Mei na Juni hasa, bahari inachafuka na boti nyingi zinapandishwa nchi kavu, jodari wanaanza kutuchangamsha karibu Agosti, sulisuli wananoga kuelekea Disemba na kaskazi ndo wakati wa nduaro, wale marlin. Mwaka wa kwanza miezi ile ya kimya iliniuma mfukoni. Mwaka wa pili niliomba nibaki kwenye ukarabati, nikafungua rili zote nikazipaka grisi, nikasoma huduma ya kwanza na kutumia redio vizuri, chaneli 16 ya dharura nilikuwa nikiisikia tu kumbe hata sijui ni nini cha kusema kwanza: jina la boti, uko wapi, tatizo gani, watu wangapi.

Kushika lida nilirudishiwa Novemba ile. Unavaa glavu, unazungusha lida mkononi kwa namna ambayo ukifungua kiganja inatoka yenyewe, maana samaki akiamua kuondoka na mkono wako umefungwa unaenda naye chini. Nilifanya mazoezi na kamba iliyofungwa kwenye mti usiku, wiki nzima, funga fungua, funga fungua.

Alafu Januari tukapata familia, baba na binti yake wa kama miaka 12. Sulisuli akachukua chambo cha kulia na zamu ilikuwa ya binti. Akaanza kupigana, mikono inatetemeka, dakika kumi, kumi na tano, na baba yake nikamwona anasogea, mkono umeshainuka kuelekea rodi. Nikajiweka katikati nikamwambia, mzee samahani, mwache, huyu ni wake. Mikono yangu mwenyewe niliifunga nyuma mgongoni, sikuiamini. Nikawa namwambia tu mtoto, inua, shusha, zungusha, vizuri, pumzika, mwache akimbie.

Alipomleta nilishika lida, nikashika upanga, mkwaruzo wake ni kama msasa hata juu ya glavu. Mwenzangu akaweka tagi, kialama chenye namba, begani chini ya pezi, kutoka African Billfish Foundation, shirika la kufuatilia samaki hawa ambao wako hapa hapa Watamu. Samaki alikuwa amechoka, rangi imekuwa ya shaba. Nahodha akatia gia taratibu, nikamshikilia kichwa mbele maji yapite kwenye matamvua, na baada ya muda mistari ya buluu ikaanza kuwaka ubavuni mmoja mmoja mpaka mkia ukapiga. Nikafungua mkono, akazama.

Ikabaki kujaza kadi, namba ya tagi, mahali, urefu wa kukadiria. Binti akauliza kama anaweza kuiandika yeye. Nikampa kalamu.