Jinsi nilivyotambua ugonjwa wa mihogo yetu kwa simu

Mihogo ya shamba letu la Mkuranga ilionekana kustawi, lakini kila tulipoing'oa tulikuta mizizi ina mabaka makavu ya kahawia yasiyolika. Tuliongeza samadi na kunyunyiza dawa ya wadudu, bila mabadiliko.

Nikapakua Nuru, programu ya PlantVillage inayotumia akili bandia, na ambayo hufanya kazi shambani hata pasipo intaneti. Nilipoelekeza kamera kwenye majani machanga ya juu, haikuonekana dalili yoyote.

Kilichofungua njia ni uchaguzi wa majani. Batobato, ugonjwa mmoja wa virusi vya mihogo, hukunja majani machanga ya kileleni, ilhali ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, hujitokeza zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini, ambako umanjano hufuata vishipa na kwa mbali hudhaniwa kuwa ni uzee wa jani tu. Niliinama, nikakinga jua kwa mwili ili jani lising'ae, kisha nikaonyesha majani sita ya mmea uleule badala ya moja, kwa kuwa usahihi wa programu huongezeka hivyo. Jibu likatoka: michirizi ya kahawia.

Virusi vya ugonjwa huu huenezwa na inzi weupe na pingili zilizoambukizwa, na hakuna dawa inayouponya mmea uliougua. Tuling'oa mimea yote yenye dalili, tukapanda pingili safi za Kiroba, aina inayoustahimili, kutoka kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya Tanzania ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Mizizi tuliyovuna msimu huu ni myeupe hadi katikati.