Kijitabu cha Dk. Solomon Carter Fuller: nilipofikia mpaka sasa

Wadau mlionitafuta mkiuliza kile kitabu kimefika wapi, maandishi yamekaribia kuisha yote na nimeshaanza kushona. Kwa aliyeingia leo: naandika kijitabu cha Kiswahili cha kawaida kabisa, cha kusomeka kwenye daladala au kibarazani, kuhusu maisha ya Dk. Fuller, daktari mweusi aliyechunguza ubongo za waliougua Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, na kazi alizoziandika, alafu naprinti na kukijalidi mwenyewe kwa mkono hapahapa Dar. Nataka kiingie kwenye nyumba zenye mzee aliyeanza kusahau majina ya wanae, maana nyumba hizo ni nyingi mno huku kwetu na wanachoambiwa kila siku ni "uzee tu huo", au karogwa, basi, yameisha.

Sura ya ukoo imekaa vizuri sasa. Fuller kazaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872. Babu yake upande wa baba alikuwa mtumwa Virginia, akajinunua uhuru wake kisha akahamia Liberia, na upande wa mama walikuwa wamisionari waliokuwa wakitibu watu, kwahiyo mambo ya dawa kayakuta nyumbani. 1889 akavuka kwenda Marekani kusoma, akaanzia Livingstone College kule North Carolina, akamaliza udaktari Boston University 1897, na hapo akaingia Westborough, hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili Massachusetts, ambapo alikaa zaidi ya miaka 20 akichunguza ubongo za wagonjwa waliofariki. Anahesabika daktari wa kwanza mweusi wa magonjwa ya akili Marekani.

Sura ya Munich ndo imenila muda. 1904 alienda Ujerumani, kwenye kliniki ya Emil Kraepelin, daktari maarufu wa magonjwa ya akili, na akachaguliwa kufanya kazi maabara kwa Alois Alzheimer mwenyewe, ambaye ugonjwa umepewa jina lake. Sasa kuna watu mtandaoni wanaandika kwamba Fuller alikuwepo siku Alzheimer anagundua ule ugonjwa. Hapana. Yule mama mgonjwa wa kwanza, Auguste Deter, alifariki Frankfurt Aprili 1906, ndo ubongo wake ukapelekwa Munich, na Alzheimer akausimulia mbele ya wenzake Tübingen Novemba mwaka huohuo, wakati Fuller alisharudi Massachusetts 1905. Nimeiandika hivyo na siibadilishi. Fuller hahitaji kuongezewa chumvi, aliyoyafanya yanatosha na kubaki. Na kitu kinachonigusa ni kwamba karibu miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wanaweka wagonjwa wa akili Lutindi, kule Usambara, yani Mwafrika anafundishwa kazi Munich huku Waafrika wengine wanafungiwa mlimani na Wajerumani haohao. Mirembe yenyewe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, imekuja baadae, 1927, wakati wa Mwingereza.

Alichobeba kutoka Munich ni ujuzi wa mikono, na hapa nimeandika kwa kirefu kwa sababu kwenye hii kazi ndo penyewe. Unachukua kipande cha ubongo wa marehemu, unakikata chembamba mno kiasi mwanga unapita, unakiloweka kwenye dawa yenye madini ya fedha, ile fedha inang'ang'ania nyuzi ndogondogo zilizomo ndani ya seli za neva na vile vidoa vinavyojikusanya nje ya seli, vyote vinapiga weusi, ukiweka kwenye maikroskopu unaviona vimejitenga kabisa na nyama iliyobaki. Alafu unapiga picha, na Fuller alikuwa anapenda sana kupiga picha. 1907 akatoa utafiti wa zile nyuzi, akilinganisha ubongo za wazee waliopotewa na akili, walevi wa muda mrefu, wenye kaswende ya ubongo, na wengine. 1911 akatoa wa vile vidoa. 1912 akatoa kazi kubwa, mgonjwa kutoka Westborough pamoja na mapitio ya wagonjwa wote waliokuwa wameshaandikwa mpaka muda huo, ndo andiko la kwanza la Kiingereza lililoukusanya ugonjwa wa Alzheimer mahali pamoja.

Na hapo hakumfuata mwalimu wake kichwa kichwa. Vile vidoa aliviona hata kwa wazee ambao akili zao hazikuwa zimeharibika hivyo, akasema wazi kwamba peke yake havitoshi kuwa ndo chanzo. Zaidi ya miaka 100 imepita na wanasayansi bado wanabishana hilo suala! Kila nikifika ukurasa huu nasimama.

Kuna dada mmoja, nesi wa wagonjwa wa akili, nilimpa aisome hii sura kabla sijaprinti. Akarudisha akaniambia, "Kaka, usiishie kwenye ubongo. Mtu anayemwogesha mama yake kila siku anataka kujua mama hafanyi makusudi." Nikaongeza ukurasa mzima: mzee anayerudia swali lilelile hana ubishi, anayekataa kuoga pengine haelewi maji yanatoka wapi, anayetoka usiku anatafuta nyumba aliyokulia. Na kwamba mzee akianza kusahau ghafla apelekwe hospitali haraka, maana maambukizi, dawa anazotumia au sukari kupanda au kushuka vinaweza kumfanya hivyo na vinatibika.

Sura ya chuo ni fupi maana inauma. Boston University alifundisha zaidi ya miaka 30, idara ya magonjwa ya neva akaiongoza kwa miaka bila kupewa cheo chenyewe, 1933 mzungu aliyekuwa chini yake akapewa uprofesa kamili na ukuu wa idara, Fuller akaacha kazi. Wakampa heshima ya profesa mstaafu. Mwenyewe alisema wazi kwamba angefika mbali zaidi kama si rangi ya ngozi yake. Kabla ya hapo alikuwa amewafundisha madaktari weusi waliokwenda kushika hospitali ya maveterani, yani wanajeshi wastaafu, kule Tuskegee, Alabama, akiwaonyesha namna ya kutambua kaswende iliyopanda kichwani, ujuzi ambao ulisaidia watu waliokuwa wanaitwa vichaa tu.

Kuhusu nyaraka, mkewe Meta Vaux Warrick Fuller, waliooana 1909, alikuwa mchongaji mkubwa wa sanamu aliyesoma Paris, na karatasi zake zipo maktaba ya Schomburg Center New York, sanamu zake nyingi makumbusho ya Danforth pale Framingham, Massachusetts, walipoishi. Huwezi kumwandika mume ukamwacha mke, nimempa sura yake kamili. 1910 moto uliteketeza stoo Philadelphia, kazi zake za miaka mingi zikaisha. Akaanza upya akiwa na watoto wa kulea.

Haya, upande wa kujalidi. Fuller mwenyewe alikuwa anajalidi vitabu kwa mkono nyumbani, ndo maana sikutaka hiki kitoke na pini za chuma. Karatasi nazikunja nne nne, natoboa mgongoni matundu matano, nashona kwa uzi niliousugua nta ili usikate karatasi, mgongo napaka gundi nyeupe ya maseremala, tabaka mbili jembamba. Kava ni boksi gumu lililovishwa kitambaa cha marekani nilichonunua Kariakoo mtaa wa Congo. Tatizo ni unyevu wa huku, masika boksi linajikunja kama kipande cha muhogo mkavu, kwahiyo kila nakala inalala chini ya matofali mpaka gundi ikauke kabisa, na karatasi nafungua pakiti siku ileile ya kuprinti.

Kilichobaki ni picha ya mbele. Kuna ile ya Clark University 1909, Freud na Jung, wale magwiji wa saikolojia, wako mbele, Fuller amesimama nyuma kabisa, mweusi peke yake. Nafikiria kumkata yeye tu nimkuze ajae kava lote, ila nikimkuza sana sura inapoteza ukali, kwahiyo najaribu karatasi ya aina nyingine wiki hii.

Nakala za mwanzo zinaenda bure kwa wanaouguza mzee nyumbani. Kama ni wewe, uko Temeke, Mbagala, Kigamboni, popote humu Dar, nitumie ujumbe uniambie tu wapi nilete.