Jalada la daftari la Hisabati

Nilipoanza darasa la tano pale Dodoma, mama alikava madaftari yangu yote kwa magazeti, isipokuwa la Hisabati. Baba, ambaye alikuwa dereva, alikuwa ameachiwa na mgeni mmoja kalenda iliyokwisha mwaka, karatasi nzito ya kung'aa. Mama akachana ukurasa uliojaa dhahabu.

Mwalimu aliponyanyua lile daftari mbele ya darasa, nilijua nimekwisha.

"Hawa wanafanya nini?"

Darasa zima kicheko. Mwanamume kainama, uso hauonekani. Mwanamke kafumba macho, kapigwa busu la shavu. Wamepiga magoti juu ya maua. Mimi, hesabu za sehemu zikinishinda, nilikuwa natazama vidole vya miguu vya yule mwanamke: vimejikunja ukingoni kabisa mwa bustani, na chini yake hamna kitu. Nilihofia ataanguka. Hilo humwelezi mwalimu aliyeshika fimbo.

Nikala mbili za mkononi, nikaambiwa nije na mzazi.

Mama akaja kesho yake, akalitazama jalada kama halijui. "Mwalimu, mimi niliona kitambaa." Nilimwamini. Nyumbani baba akirudi safari, mama alimpokea begi, akamuuliza habari za Singida, basi.

Jina la mchoraji nimelijua ukubwani: Gustav Klimt wa Austria, mtoto wa fundi wa kunakshi dhahabu. Picha hiyo, Busu, aliichora 1907 na 1908, akaibandika dhahabu halisi. Iko Vienna, katika jumba la Belvedere, sentimita 180 kila upande. Ya kwetu mama aliikunja kwa kipimo cha daftari.

Siku ile tulipotoka shuleni, mama akapitia soko la Majengo kwa fundi wake wa cherehani, akamtandazia lile jalada juu ya mashine. Alitaka kitambaa kama kile.

Fundi akavaa miwani, akaifuata picha taratibu kwa ncha ya chaki.

"Hiki si kimoja, mama. Huyu baba kavaa drafti, nyeusi na nyeupe. Huyu mama ni maduara na maua. Wamebanana tu, ukiwa mbali unaona vazi moja."

Mama akanigeukia, mdomo kauficha kwa khanga.

"Si unasikia? Kitambaa."