Slabu haina haraka ya mtu

Wiki jana mteja wa Kasarani alinipigia, anataka slabu, ile sakafu ya konkriti ya juu, imwagwe Ijumaa na kuta za juu zianze Jumatatu, na bajeti ni ileile, nikamwambia, "Boss, hapo hapana". Konkriti inataka kumwagiliwa maji angalau siku 7 hivi, na nguvu yake kawaida hupimwa siku ya 28, sasa ukitoa miti ya kushikilia mapema unahatarisha watu. Mimi kwa mjengo lazima niulize, nini kilegee? Ukitaka haraka, ongeza mafundi, ongeza pesa. Pesa ni kidogo? Tungoje, ama tupunguze vyumba. Lakini nguzo na vyuma siguzi, kuna watoto watalala humo. Alikasirika. Jana akapiga, tunaanza na vyumba viwili.