Shaba inayohama ndani ya maji
Sisi tuliokulia Lubumbashi tumezoea kuona malori yaliyobeba mabamba ya shaba yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ila ni wachache wanaojiuliza mabamba hayo yalipataje usafi wa asilimia 99.99. Katika kusafisha kwa umeme, bamba la shaba chafu huunganishwa na upande chanya, na bamba jembamba na upande hasi, yote mawili yakiwa yamezama katika myeyusho wa salfeti ya shaba na asidi ya salfuriki. Shaba huyeyuka upande mmoja na kujijenga upande wa pili. Chuma na nikeli hubaki katika myeyusho, ilhali fedha na dhahabu huanguka chini kama tope, nalo ni tope ambalo hakuna mtu angelikanyaga. Hapa Katanga, shaba nyingi hutolewa moja kwa moja kutoka katika myeyusho wa mawe yaliyolowekwa kwa asidi, kazi inayodai takriban volti 2, wakati usafishaji hutosheka na volti 0.3 hivi.

Nilipojaribu nyumbani kuupaka msumari shaba kwa umeme, ilibanduka kwa kidole. Chuma huivuta shaba hata kabla ya umeme kuwashwa, na ngozi hiyo ya haraka haishiki. Ndiyo maana mafundi wengi hutanguliza tabaka la nikeli.