Siku moja maishani mwangu: natafuta hewa inapoingilia

Mi ni fundi wa maabara huku Ufaransa, kwetu Ngomeni, Malindi. Watu wakisikia nashughulika na hewa ya kilomita 80 juu wanadhani narusha roketi, hapana jamani, tunaiga hewa hiyo nyembamba ndani ya tanki, mi nashinda na pampu za kunyonya hewa yake.

Saa 12 asubuhi nawasha pampu, nakagua oili na maji ya kupooza, nakunywa chai.

Saa 2. Kabla sijafungulia gesi, presha ya tanki lazima ishuke chini kabisa ya paskali 1, maana kilomita 80 juu ni paskali 1 hivi na usawa wa bahari ni 101,325. Huku chini molekuli haiendi hata unene wa unywele bila kugonga mwenzake, kule juu inasafiri milimita 4 hivi, ndo maana hesabu za kawaida za upepo zinagoma, inabidi tupime.

Leo presha imekwama, kuna mahali hewa inaingilia. Saa 3 palepale, saa 4 palepale, na mteja anapiga simu data lini, data lini, nami niko juu ya ngazi na mpira wa gesi ya heliamu napuliza kiungo kimoja kimoja, unaanzia juu kwa sababu heliamu inapanda, ukianzia chini itakudanganya, unapuliza, unangoja detekta, kile kifaa kinacholia heliamu ikipenya ndani ya tanki, unahamia kingine, flanji, yaani viungo hivyo, zaidi ya thelathini, shingo inauma, chakula cha mchana sijui kilipitia wapi, simu tena, mpaka mlango wa nyuma detekta ikalia. Nikafungua. Unywele mmoja umelala juu ya ringi ya mpira. Futa, paka grisi, funga, pampu upya, masaa mengine hayo.

Nilipokuwa nangoja nikawaza San Marco 2, setilaiti ya Italia iliyorushwa hapohapo baharini kwetu Aprili 1967 kwenda kupima hii hewa nyembamba. Kazi hii sio ngeni nyumbani.

Usiku sasa. Nikafungulia naitrojeni, ikatoka kwenye nozeli kwa kasi mara nne ya sauti, nikazima taa, nikawasha umeme wa tanki unaofanya gesi ing'ae, na mbele ya modeli tunayoipima likajitokeza wimbi la mshtuko, pale gesi inapobanwa ghafla, zambarau. Kwenye hewa ya kawaida ni jembamba kuliko karatasi, hapa nene kama kidole. Nikalitazama kwanza, ndo nikaandika namba.